Barua ya wazi kwa wakuu mnaopanga oparesheni za mjini: majeruhi anaisha damu machela ikiwa bado iko kwenye gari

Kwa Waheshimiwa wakuu wa vikosi mnaopanga oparesheni za mjini, na nyie wa upande wa afya mnaokaa nao vikao hapa Mbeya na Nyanda za Juu Kusini kwa ujumla,

YAH: MATIBABU YA MAJERUHI WA RISASI NA MABOMU KWENYE OPARESHENI ZA MJINI

Shikamooni wakubwa, na mlio wadogo kwangu marahaba. Mimi ni nesi mstaafu, nakaa Uyole, miaka mingi nimekula chumvi ya chumba cha dharura na thieta, na tangu nistaafu nimekuwa naitwa huku na kule kufundisha huduma ya kwanza, walinzi, madereva, mgambo, na mara moja moja vijana wa kikosi ambacho sitakitaja hapa kwa sababu sikuja kumchongea mtu. Naandika hadharani kwa kuwa njia ya kimya kimya imegoma. Barua nilipeleka kwa mkono, ikagongwa muhuri, nikaambiwa mama nenda tu tutakupigia. Nikafuatilia, faili halionekani. Nikafuatilia tena, mhusika yuko semina Dodoma. Simu haijapigwa mpaka leo na vijana wanazidi kuingia kazini na mafunzo yale yale ya kufunga mkono kwa kitambaa cha pembetatu.

Jambo lenyewe ni hili. Mtu akipigwa risasi ikakata mshipa mkubwa wa paja anaweza kufa ndani ya dakika tatu. Damu ya mtu mzima ni kama lita tano tu, haihitaji kuisha yote, ikishatoka karibu nusu ndiyo basi. Sasa niambieni kutoka vichochoro vya nyuma ya soko la Mwanjelwa, bajaji zimeziba, machinga wametandaza nguo mpaka katikati ya njia, dakika tatu zinafika wapi? Hata kugeuza gari hazitoshi. Kwa hiyo anayemuokoa huyo kijana siyo daktari, ni mwenzake aliyelala naye pale chini, au yeye mwenyewe kwa mkono wake uliobaki mzima.

Mtasema nesi wa Uyole anajua nini habari za makomandoo. Sijawahi kushika bunduki na sitaki. Ila majeraha nayajua, na haya mambo yameshaandikwa na madaktari wa jeshi wenyewe, hayakuanzia kwangu. Chukueni Mogadishu kule Somalia, tarehe 3 Oktoba 1993. Wamarekani waliingia mjini mchana kuwakamata wasaidizi wa Mohamed Farrah Aidid, mbabe wa vita wa Kisomali, kazi ilipangwa iishe kama ndani ya saa moja. Majeruhi wa kwanza hata risasi haikumpata, alidondoka kutoka kwenye kamba ya helikopta. Baadaye helikopta mbili zikatunguliwa katikati ya nyumba za watu, msafara wa magari ukapotea njia huku unapigwa kila kona, na askari waliobaki wakalala usiku kucha kwenye nyumba za mtaani wakiwa na majeruhi wao mpaka msafara wa kuwaokoa, wakiwemo Wamalaysia na Wapakistani, ulipofika. Wamarekani 18 wakafa na Wasomali kwa mamia. Walikuwa na ndege, hela na matabibu waliofundishwa vizuri kabisa, lakini mji uliwabana. Mwaka 1998 madaktari na matabibu wao wakakaa chini wakaipitia vita ile jeraha kwa jeraha, wakiulizana kwa hali ile ya mtaani ungefanya nini. Sisi hapa hata kikao cha namna hiyo sijawahi kukisikia, na ningekisikia ningekuja hata bila posho.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Sanduku la huduma ya kwanza limefungwa kufuli. Nimeliona kwa macho yangu siku ya mazoezi. Lipo nyuma ya gari, chini ya tairi la spea, limefungwa kufuli dogo la njano na ufunguo anao mtu wa stoo, na mtu wa stoo siku hiyo hakuja. Tulipolivunja ndani mlikuwa na plasta za vidole, chupa ya spiriti iliyobaki robo, Panadol, bandeji mbili zilizoshikana kwa unyevu na risiti ya kununulia hivyo vitu. Mkasi hamna. Glavu pea moja. Jamani! Kwa mtu wa risasi hapo utafanya nini, umpe Panadol? Kila askari anayetoka kwenda kwenye hatari anatakiwa awe na kifurushi chake mwilini, na kikae sehemu ile ile kwa kila mtu, ili mimi nikianguka wewe ujue upapase wapi hata gizani. Na ukinitibu unatumia cha kwangu, cha kwako unakiacha maana na wewe unaweza kupigwa dakika tano zijazo.

2. Mnafundisha mpangilio wa darasani. Yaani angalia kama anapumua, mlaze vizuri, piga simu, mkandamize kifua. Hayo ni mazuri kwa mzee aliyeanguka kanisani. Risasi zikiwa bado zinalia, yule anayekimbilia kumkandamiza kifua mwenzake katikati ya barabara anakuwa majeruhi wa pili, na kifua kilichoishiwa damu ukikikandamiza hakuna cha kusukuma. Tangu mwaka 1996 Frank Butler, daktari wa jeshi la Marekani, na wenzake walipoandika utaratibu wa kutibu majeruhi vitani, kazi imegawanywa hatua tatu. Ya kwanza mko chini ya risasi, hapo unajibu mapigo, unajificha, unamwambia majeruhi ajikokote kama anaweza, na matibabu ni moja tu, kubana damu inayomwagika kwenye mkono au mguu. Ya pili mmeshapata ukuta wa kujificha, ndiyo unamkagua vizuri, damu kwanza, halafu njia ya hewa, halafu kifua. Ya tatu ni safari. Vitu vidogo vidogo navyo vina nafasi yake, mfano majeruhi aliyeanza kuchanganyikiwa mnyang'anye bunduki, mabomu na redio mapema, maana asiyejua yuko wapi anaweza kuwapiga nyie wenyewe. Na aliyejeruhiwa uso msimlazimishe kulala chali, kama kukaa na kuinama mbele ndiko anakopumulia basi akae hivyo hivyo.

3. Hofu ya toniketi. Nasema ule mkanda wenye kijiti cha kuzungusha mpaka damu ikatike. Kwenye yale mafunzo mkufunzi mwenzangu alisimama mbele ya vijana akawaambia ukifunga mguu hivyo utakatwa, kwa hiyo asifunge mtu isipokuwa daktari. Vijana wakaandika kwenye madaftari. Nilikaa nikaumia. Vietnam inakadiriwa zaidi ya Wamarekani 2,500 walikufa kwa damu ya mikono na miguu wakiwa hawana jeraha lingine kubwa, na wengi ni kwa sababu ya fikra kama hiyo hiyo. Halafu mwaka 2006 daktari John Kragh akafuatilia majeruhi 232 waliofungwa toniketi kwenye hospitali ya jeshi Baghdad, hakukuwa na mguu hata mmoja uliokatwa kwa sababu ya toniketi peke yake. Kazi yake ya baadaye ikaonyesha waliofungwa kabla hawajaishiwa nguvu kwa kupoteza damu walipona 90%, waliofungwa baada ya hapo 10%. Ndani ya saa mbili mguu kwa kawaida haupati shida ya kudumu, na ndani ya saa mbili hapa mjini umeshamfikisha, hata kama foleni ya Mafiati imekukamata. Funga juu kabisa kwenye kiungo, juu ya nguo hizo hizo, kaza mpaka damu ikatike siyo mpaka majeruhi aseme inatosha, kwa sababu atakuomba ulegeze, inauma sana. Usilegeze. Andika saa uliyofunga.

4. Pale ambapo mkanda haufiki. Hapa naomba mnisikilize taratibu maana ndipo watu wanapofia na ndipo mafunzo yetu hayana hata mstari mmoja. Mogadishu kuna kijana alipigwa juu kabisa ya paja, karibu na kinena, mshipa ukakatika ukajirudisha ndani ya nyonga. Toniketi haina pa kukaa hapo. Tabibu wake alijaribu kuingiza mkono kuutafuta mshipa aubane, huku akimtia dripu na wenzake wakisaidia kukandamiza, na wakawa wanaomba aondolewe haraka, ila helikopta haikuweza kuja na magari hayakuweza kupita, akafia humo ndani ya nyumba usiku ule ule. Kifo kama kile ndicho kimoja ya vilivyowafanya baadaye watafute gozi zenye dawa ya kugandisha damu na vifaa vya kubana kinena. Sisi hata gozi ya kawaida inafanya kazi kubwa kama mkono umefundishwa. Mimi nafundisha hivi, nanunua nyama ya paja buchani yenye mfupa, naichimba shimo, napitisha mpira wa dripu kwa chini, mtu mmoja anapampu maji ya rozela kutoka kwenye chupa. Kijana wa kwanza huwa anaweka gozi juu juu kama anaficha aibu, rozela inamwagika mpaka kwenye viatu. Namwambia ingiza kidole, fuata damu inakotokea, sukuma gozi huko huko chini kwenye mpira, ongeza, ongeza, jaza mpaka ishindwe kuingia, halafu lalia kwa uzito wako bila kuchungulia. Akichungulia tunaanza upya. Kufikia jioni wote wanaweza. Gharama ni kilo chache za nyama na maua ya rozela, na nyama yenyewe hatuitupi, mnajua wenyewe.

5. Dripu na baridi. Kuna imani kwamba majeruhi lazima atundikiwe dripu hapo hapo, na nyingi. Utafiti wa Houston, Marekani, uliochapishwa 1994, kwa watu 598 waliochomwa visu au kupigwa risasi kifuani na tumboni, uliwapata waliocheleweshewa maji mpaka wafike thieta wamepona 70%, waliopewa mapema 62%. Ukiongeza maji presha inapanda, donge la damu linang'oka, na damu iliyobaki inakuwa nyepesi isiyoganda. Anayezungumza na kukuelewa na mapigo ya mkononi yanashikika, muwahisheni tu. Kuhusu baridi mnajua wenyewe Mbeya ya Juni na Julai, na ukienda Makete au Mafinga ndiyo usiseme. Mtu aliyepoteza damu hata Dar es Salaam anapoa, na mwili ukipoa damu haigandi tena, sasa huku kwetu saa kumi alfajiri amelazwa kwenye sakafu ya saruji shati limechanwa! Mnamchana nguo, sawa, halafu nani anamfunika? Blanketi ni silaha. Wekeni blanketi.

6. Kumtoa mtaani. Helikopta msitegemee, nyaya za umeme na mabati zinaizuia hata ukiwa nayo. Mpango wa oparesheni uonyeshe kabla nyumba gani majeruhi watakusanywa, gari gani ni lao na lisitumike kwa kazi nyingine, njia ya kutokea ni ipi na ya pili ni ipi ya kwanza ikizibwa. Zoezi la kubeba mtu mwenye kilo 90 na vifaa vyake kwenye ngazi nyembamba lifanyike kweli kweli, wanne wanabeba, wengine wanalinda, hapo ndipo mtajua kikosi chenu kina watu wangapi.

7. Hospitali kupigwa butwaa. Najua oparesheni ni siri. Lakini daktari mmoja wa zamu anaweza kuambiwa leo usiku kaa tayari bila kuambiwa wapi wala nani. Thieta iwe na mtu, damu salama iwe imeangaliwa imebaki chupa ngapi za kundi O, na kikosi chenyewe kiwe kinajua makundi ya damu ya watu wake kabla hawajapanda gari. Na ile tabia ya mlangoni kuulizwa PF3, ile fomu ya polisi, kwanza huku damu inachuruzika kwenye terazo, jamani PF3 itaandikwa baadaye, hata na kalamu ya kuazima.

8. Raia na mtuhumiwa. Mjini hakuna vita isiyo na mama muuza vitumbua. Akipigwa na yeye anatibiwa, na mtuhumiwa akishaanguka na kunyang'anywa silaha anatibiwa kwa kuangalia ukubwa wa jeraha, siyo kwa upande aliokuwepo. Mikataba ya Geneva imelisema hilo wazi kwa majeruhi wa vita. Sitaki kubishana sana hapa.

Sasa majibu nayajua kabla hamjajibu. La kwanza mtasema Mbeya ni ya amani, hiyo ni Mogadishu. Tarehe 25 Agosti 2021 Dar es Salaam napo palikuwa na amani mpaka mtu mmoja mwenye bunduki alipoua polisi watatu na mlinzi karibu na ubalozi wa Ufaransa, mchana kweupe. Kwenye shambulio la jengo la maduka la Westgate, Nairobi, 2013 walikufa watu 67 na majeruhi wengine walilala ndani ya lile jengo kwa saa nyingi wakisubiri. Na vijana wa kwetu wanaenda nje kulinda amani, Desemba 2017 kule Semuliki, Kongo, waliuawa wasiopungua 14 na wengine wengi wakajeruhiwa, mapigano yakichukua saa nyingi. Wale ni watoto wa Rungwe na Kyela na Njombe na mikoa yote, wanazaliwa kwenye nyumba zetu hizi.

La pili mtasema bajeti. Toniketi halisi siyo ya bei ya andazi, nakubali, na za bandia zimejaa mtandaoni, kijiti kinavunjika ukikaza, msinunue hizo. Lakini linganisheni na bei ya tairi moja la hilo gari mnalobebea sanduku la kufuli. Na kila mkanda mtakaonunua utafaa siku ambazo hakuna oparesheni yoyote, kwa sababu barabara ya Tunduma inatuua zaidi ya bunduki, mteremko wa Iwambi, Mlima Nyoka, Kitonga kule Iringa, polisi wa trafiki ndiye anafika wa kwanza na anasimama pale mikono mitupu, mguu wa kondakta unamwaga damu, raia wanapiga picha.

La tatu, hiyo ni kazi ya matabibu. Kikosi cha 75 cha Ranger cha Marekani kiliamua kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, Stanley McChrystal akiwa kamanda wake, kwamba matibabu ni moja ya mambo manne makuu ambayo kila askari lazima ayaweze, sawa na kulenga shabaha. Siyo tabibu tu, kila askari, mpaka mpishi na dereva. Kuanzia Oktoba 2001 mpaka Machi 2010 walipata majeruhi 419 huko Afghanistan na Iraq, kati yao 32 wakafa, na hakuna hata mmoja aliyefia nje ya hospitali kwa kifo ambacho kingeweza kuzuilika. Kwenye jeshi lao zima la miaka ile ya 2001 mpaka 2011, karibu robo ya waliokufa kabla ya kufika hospitali majeraha yao yalikuwa ya kuweza kupona, na hao karibu wote iliwaua damu. Jeshi moja, adui mmoja, dawa zile zile. Tofauti ilikuwa kamanda aliyechukua matibabu kuwa kazi yake yeye, akiyakagua kama anavyokagua silaha. Ndiyo maana barua hii nimewaandikia nyie wapangaji na siyo manesi wenzangu.

Ninachoomba, na naomba kwa heshima zote:

Kwanza, kufuli litolewe wiki hii. Hilo halihitaji kikao.

Pili, kila anayetoka kwenda kwenye oparesheni awe na toniketi, gozi ya kujaza, bandeji ya kubana na plasta ya kuziba tundu la kifua, mwilini mwake, na afanyiwe mtihani wa kujifunga mwenyewe kwa mkono mmoja gizani. Asiyeweza asitoke mpaka aweze.

Tatu, ile sentensi ya "utakatwa mguu" ifutwe kwenye vitini vyote na aliyeifundisha arudi awaambie vijana wale wale.

Nne, ukurasa wa majeruhi uwe ndani ya mpango wa oparesheni na asaini kamanda mwenyewe, siyo karani.

Tano, hospitali na kikosi wakae pamoja kabla ya Nane Nane, wafanye zoezi moja la usiku, hata mpite pale viwanja vya John Mwakangale vikiwa vitupu, kuna vibanda na njia nyembamba za kutosha kabisa. Nyama na rozela nitaleta mimi. Mtu wa stoo na yeye aje, na ufunguo wake.

Nasubiri jibu la maandishi. Ofisi niliyopeleka barua ya mwanzo inayo namba yangu, iko juu upande wa kulia, chini ya muhuri wenu.

Wenu mtiifu,
Nesi mstaafu, Uyole, Mbeya.

Nakala: makamanda wa vikundi, waganga wa zamu, wakufunzi wa huduma ya kwanza, na wazazi wote wenye vijana kazini.